Wapangaji wa Pua Yangu

Alhamisi, Februari. Minneapolis. Baridi ya kugandisha mate kabla hayajafika chini. Niko ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali, injini inanguruma ili vidole viendelee kuwa vyangu.

Wacha nianze na ukweli ambao dunia imekataa kuukubali: mimi ndiye binadamu mwenye afya kuliko wote waliowahi kukanyaga jimbo hili la theluji. Sijawahi kuugua. Sisemi sijaugua sana, nasema sijawahi. Kule Thika nyumba nzima ilikuwa ikilala na malaria, mimi niko nje napiga mpira na kula mahindi ya kuchoma waliyoshindwa kumaliza. Surua ilipita darasani kwetu ikaruka dawati langu. Korona ilipokuja tulikuwa vijana watano kwenye apatimenti moja huku Fridley. Wanne walilala chini, mimi nikawapikia uji, na uliobaki kwenye vikombe vyao nikaumaliza, maana uji haumwagwi. Shajara, daktari yeyote anayetaka kuona damu ya simba aje na sindano, nitamchotea bure.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu mpaka majuzi tu.

Leo hata kupumua napumua polepole. Nikivuta na kutoa kwa nguvu, pumzi inaganda kwenye kioo, inachora maua meupe, nami sipendi kuyatazama kwa sababu sasa najua kuna nini ndani yake.

Mpwa wangu Idrisa yuko juu, wodi ya watoto. Ngozi yake inabanduka.

Hajamaliza hata mwezi duniani. Ni mtoto wa kwanza wa dada yangu Njeri, ambaye aliolewa na Hamadi, mtu wa Tanga anayezungumza Kiswahili kama taarifa ya habari. Wanakaa Richfield, ndege zinapita juu ya paa lao chini sana hadi unaweza kuona magurudumu. Mama yake Hamadi, Bi Saumu, alitoka Tanga kuja kumlea mzazi. Hao ndio watu wangu huku. Ukitoa hao nina jamaa wa kuchekesha tu, na mashine yangu ya kunyolea.

Nianzie kazini, maana ndiko nilikojulishwa kwamba sikai peke yangu mwilini.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Nawaosha, nawavisha, nawalisha, nawachekesha. Wakenya tumejaa kwenye kazi hizi. Ukiingia zamu ya asubuhi utadhani ni mkutano wa wazazi Kiambu. Kipenzi cha wazee wote ni mimi, nasema bila aibu. Lakini yuko bibi mmoja, Mzungu, kumbukumbu zake zilishaaga, chumba chake ni cha mwisho kwenye ukumbi, dirisha linatazama theluji. Kila nikiingia ananitazama usoni. Halafu anatazama kando ya uso wangu, huku na huku, kama mwalimu anayehesabu watoto wanaoshuka kwenye basi. Kisha anauliza kwa upole: mmekuja wangapi leo?

Nami namjibu, nimekuja peke yangu, mama.

Anatabasamu kama mtu aliyezoea kudanganywa.

Nilikuwa nawasimulia jamaa tunakufa kwa kicheko. Siku hizi chumba hicho namwomba mwenzangu anisaidie.

Mwezi uliopita wazee kadhaa walianza kuota majipu. Likipona la kwapani, linaamka la pajani. Mzee mmoja, fundi magari wa zamani aliyependa kunifundisha matusi ya Kizungu, jipu lake liliingia kwenye damu. Alipelekwa hospitali asubuhi na blanketi lake. Blanketi lilirudi. Basi wakubwa wakaamua wafanyakazi wote tupimwe pua: kijiti chenye pamba kinazungushwa tundu hili, kisha lile. Mimi nilipanga foleni nikipiga mluzi. Nesi wa pale ni dada wa Kisii asiyenicheka hata nikijitahidi. Nikamwambia, huko ndani hutapata kitu ila harufu ya ushindi.

"Karis," akasema, "funga mdomo, lete pua."

Siku chache baadaye akaniita kando. Alikuwa na simu mkononi, akanionyesha picha. Viduara vya zambarau, vimebanana kama kichala cha zabibu. Mimi biolojia niliiacha Form Two, biolojia nayo ikaniacha bila kinyongo, kwa hiyo nilichoona pale ni bano. Zile gololi tulizochezea vumbini. Nikadhani ananionyesha mchezo mpya wa simu.

Akasema hawa ndio wako. Si picha ya wale wenyewe, lakini ni ukoo wao.

Alinieleza vizuri, sitamnyima sifa. Kuna bakteria wa umbo la fimbo, kuna waliojisokota, na kuna hawa wa mviringo. Wa mviringo nao wana tabia zao. Wapo wanaojipanga mmoja nyuma ya mwingine kama shanga kwenye uzi. Baadhi ya hao ndio wanaoleta lile koo la kuwaka moto. Wapo wanaotembea wawiliwawili, wanapenda mapafu. Na wapo hawa wa vichala, ambao kila mtu wa hospitali anawaita stafi. Wengi wao ni wapole kabisa. Wamekufunika ngozi nzima tangu siku uliyozaliwa, wanakalia nafasi ili wakorofi wakose pa kukaa, na bila hao ungekuwa shamba lisilo na mwenyewe. Ila wa kwako, akasema, ni yule binamu yao. Watu wengi wanaye puani miaka na miaka wasijue. Si ugonjwa. Ni mpangaji. Hapigi kelele, hasumbui mtu. Anangoja tu.

"Anangoja nini?"

"Ngozi ifunguke mahali. Yako au ya mwingine."

Akanipa kitubu cha dawa ya kupaka ndani ya pua, asubuhi na jioni mpaka iishe, na sabuni yake. Akaniambia ninawe mikono kama mtu anayelipwa kunawa. Niwe mwangalifu na wenye vidonda, na wazee, na watoto wachanga. Hasa wachanga, alirudia. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kwa sauti ile ninayotumia kuitikia mahubiri marefu.

Jioni hiyo nilijifungia bafuni, nikawasha tochi ya simu, nikainua kichwa mbele ya kioo. Nywele, wekundu, giza. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Hakuna kitu. Lakini nilipozima tochi nilipata hisia, sijui niielezeje, kwamba muda wote niliokuwa nawatazama, nao walikuwa wamenyamaza wananitazama. Na kwamba nikitoka wataendelea na mazungumzo.

Nilipaka dawa mara moja. Iliteremka nyuma ya koo, chungu, kama mtu amelamba mshumaa. Nikaitupa kwenye droo ya gari. Mtu asiyeugua anatumiaje dawa? Sikuumwa hata ukucha. Hiyo ndiyo hila yao hawa jamaa: hawakuumi wewe.

Wiki hiyohiyo Idrisa alitimiza siku saba.

Kwa kina Hamadi mtoto hunyolewa siku ya saba nywele alizokuja nazo duniani. Zinapimwa uzito, sadaka inatolewa, dua inasomwa, watu wanakula. Hamadi alitaka kumleta kinyozi anayemfahamu msikitini. Mimi nikasimama katikati ya sebule kama wakili. Shemeji, nikamwambia, mjomba mtu yupo hapa, mzima, ana vifaa, nusu ya Thika imepita mikononi mwangu, halafu unamtafuta mtu baki?

"Ulinyoa nusu ya kichwa cha Baba," Njeri akasema, "akavaa kofia mpaka Pasaka."

Bi Saumu ndiye aliyeamua. Alikuwa amemlaza mtoto mapajani, hakuinua hata macho. "Mwacheni. Mjomba ana haki yake. Mkono wa mjomba una baraka."

Shajara, unajua mimi na sifa. Niliposikia neno baraka nikakua inchi mbili.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi kama ya leo. Ukitoka kwenye baridi hii ukaingia nyumba iliyopashwa moto kwa ajili ya mtoto mchanga, pua inayeyuka. Huna mafua, huna chochote, inatiririka tu bila ruhusa. Kila mtu wa Minnesota anaijua hali hiyo. Tunafuta kwa mgongo wa mkono na kidole gumba, tunaendelea na maisha. Nilifuta. Nataka kuandika hapa kwamba baadaye nilinawa, na mkono unakataa.

Udi ulikuwa unafuka. Bi Saumu anasoma dua kwa sauti ya chini, Idrisa amelala mapajani mwake, mdomo umeachama kidogo, utosi wake unapigapiga kama kuna mtu mdogo ndani anabisha hodi. Nilitumia wembe mpya, huo nilinunua siku hiyo. Nikawa navuta ngozi kwa kidole gumba, nanyoa mstari mmoja, napuliza nywele. Vinyozi wote hupuliza. Nywele zake zilikuwa laini hata huzioni zikianguka, zinaelea tu kwenye moshi wa udi. Fuu. Mstari mwingine. Fuu. Namkumbuka akikunja uso kila pumzi yangu ilipomgusa.

Nitaandika kwamba kazi ilikwenda vizuri. Picha nilipigwa, video nilipigwa, kwenye status nikaweka na maneno ya majigambo.

Jirani yao wa chini, Mama Furaha, alipanda na sufuria la wali. Ni Mkongomani wa Bukavu, mama mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Kila kijana kwake ni "petit," yaani mdogo. Alimchukua mtoto, akamshika kichwa kwa nyuma, kiganja kizima, akasema: "Kichwa yake iko muzuri, kama ya ministre." Watu wakacheka, mtoto keshakuwa waziri. Hakusema mashallah. Mimi sikugundua, Njeri hakugundua. Bi Saumu aligundua.

Siku mbili baadaye kulikuwa na kigaga nyuma ya sikio la kushoto la mtoto. Kidogo, cha rangi ya asali. Wakampaka mafuta ya nazi. Kesho yake mtoto akawa analia akiguswa, halia kwa njaa, analia kwa kuguswa, hata shati likimpitia. Kisha wekundu mdomoni, shingoni, kwapani. Kisha homa. Jioni Hamadi alimwinua kutoka kitandani, na ngozi ya mgongoni ikateleza chini ya kidole chake kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto.

Njeri hakupiga kelele. Aliweka mkono mdomoni, akaanza kutafuta funguo za gari ambazo alikuwa amezishika.

Hospitali walimtenga. Ukitaka kuingia unavaa gauni la njano la karatasi, glavu, barakoa. Wote tukavaa, tukawa hatuna nyuso. Nilisimama pembeni nikawaona watu wa njano wameinama juu ya kitanda, wanamgeuza mtoto mwekundu bila kusema neno, na kwa muda sikujua yupi ni dada yangu.

Daktari, mama mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, alituketisha. Akasema ni stafi. Akasema bakteria wenyewe hawako pale ngozi inapobanduka, ukipima malengelenge yale hutawakuta. Wamekaa mahali pamoja, padogo, wametulia, na kutoka hapo wanatuma sumu kwenye damu. Sumu inaenda kufungua gundi inayoshika ngozi ya juu. Ndiyo maana mtoto anachomeka bila moto. Sasa tunatafuta, akasema, wamekaa wapi.

Walimtafuta kitovuni. Machoni. Puani. Kwenye mikunjo ya mapaja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wote, natazama mikono ya glavu ikipanda taratibu kuelekea kichwani.

Walikikuta. Walichukua kijiti, wakakigusa kigaga, wakaondoka nacho. Majibu yalipokuja daktari akauliza, hiki kilianzaje? Mtoto alijikwaruza? Kuna mtu anakumbuka?

Niliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

Bi Saumu ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili, akimtazama mwanawe. "Mwambie hapo ndipo yule mwanamke alipoweka kidole. Kamsifu mtoto bila kumtaja Mungu. Jicho lile."

Hamadi hakutafsiri. Alimwambia daktari hatujui.

Tangu siku hiyo jina la Mama Furaha halitajwi ndani ya familia ila kwa minong'ono. Bi Saumu amefukiza nyumba nzima. Sufuria la jirani lilirudishwa likawekwa nje ya mlango wake, bila kubisha, bila asante. Kwa watu wa huku sufuria tupu mlangoni ni sufuria tu. Kwetu ni hukumu.

Dawa zilianza kufanya kazi. Hilo nalisema haraka kwa sababu najua wasomaji wangu mna mioyo midogo. Homa imeshuka. Sehemu zilizobanduka zimeanza kukauka, na daktari anasema kilichotoka ni tabaka la juu tu, ngozi itarudi bila alama. Jana alifungua macho akanitazama. Mimi nilitazama ukuta.

Shida sasa ni Njeri. Hamshiki mtoto.

Manesi wanambembeleza. Wanamwambia mgongo umeanza kukauka, unaweza kumpakata hivi, weka kitambaa hiki. Anakataa. Anakamua maziwa kwenye chupa, anampa Hamadi, anarudi kwenye kiti cha dirishani anakalia mikono yake, ameikalia kabisa yote miwili kama mtu anayeizuia isitoroke. Anasema ana mikono mibaya. Nesi alidhani ni masikhara.

Wiki hii tulipimwa pua familia nzima. Yangu ilikutwa nao, bila shaka. Na ya Hamadi pia. Ya Njeri safi. Ya Bi Saumu safi, naye akaichukulia kuwa ni cheti cha uchamungu. Daktari akatuweka pamoja akasema tusitafute mkosaji. Hawa ni bakteria wa watu wote, akasema, wanapita kwa busu, kwa taulo, kwa mkono wa mtu anayempenda mtoto. Mnaobeba mtapewa dawa. Hakuna wa kulaumiwa.

Shajara, sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo. Hamadi alinishika bega. Tuko wawili, shemeji, akasema. Anajilaumu yeye. Anafikiri ni lile busu analompa mtoto kila akirudi kazini. Nami nikamwacha afikiri. Nilikuwa nimepata pa kujificha, katikati ya watu wote, kama wao wanavyojificha katikati ya uso wangu.

Lakini mahali pa kujificha kuna sauti zake. Usiku nasikia pua yangu ikipumua nami sijalala. Nikila nahisi kijiko kinatoka na abiria. Kazini navaa glavu mbilimbili, na wazee wananiuliza kwa nini siimbi tena.

Leo mchana nilimkuta Mama Furaha chini, kwenye ukumbi wa kuingilia. Amevaa koti kubwa la mume wake, ana sufuria limefungwa kwa kitambaa. Alikuwa amekuja na mabasi mawili. Bi Saumu alikuwa ametangulia kumwona. Alipita mbele yake akaingia kwenye lifti, mlango ukafungwa.

Mama huyu hakulia wala hakulalamika. Aliniuliza tu: "Petit, nilikosa nini?"

"Hujakosa, mama. Ni sheria za wodi."

"Sheria za wodi zilileta na sufuria yangu kwa mlango?"

Akanikabidhi sufuria, akasema ni sombe, kisamvu cha kwao, mama anayenyonyesha anaipenda. Akanifunga zipu ya koti mpaka kidevuni kama mtoto wake, akaenda kungoja basi.

Nilipanda juu bila sufuria, nikaliacha garini. Njeri alikuwa kwenye kiti chake. Nje jua lilishaanza kuzama, huku mwezi huu jua huaga kabla watu hawajanywa chai ya jioni, na kioo cha dirisha kilikuwa kimegeuka kuwa kioo cha kujitazamia. Akaniongelesha kupitia hicho kioo, hakugeuka.

"Nilikiona, Karis. Kigaga. Nilikiona nikangoja. Mama gani anangoja?"

Bi Saumu akasema ni jicho, mwanangu, si wewe. Hamadi akasema ni yeye mwenyewe. Kila mtu chumbani akamtaja mkosaji isipokuwa mimi. Nikasema naenda kuleta chaja ya simu.

Chaja iko mfukoni. Nimekaa hapa garini na sombe inapoa kwenye kiti cha abiria.

Sasa niandike, maana wasomaji wangu mnajua naweza kuzunguka mlima mzima ili nisipande.

Daktari alisema hakuna wa kulaumiwa kwa kubeba. Kweli. Kubeba sikuchagua. Hata ile dawa niliyotupa, labda ningeipaka yote na bado wangebaki wachache wenye shingo ngumu. Si hilo.

Nilimkata.

Jamaa wa Hamadi alikuwa anachukua video. Nikageuza uso niitazame kamera, nikakunja nyusi vile ninavyofanya, na wembe ukapita nyuma ya sikio peke yake. Ni alama ndogo, chini ya punje ya mchele. Damu ilitoka kidogo. Idrisa akalia, Bi Saumu akasema watoto hulia wakinyolewa. Nikabana pale kwa kidole gumba, kidole kilekile, nikakishikilia mpaka pakakauka, huku natabasamu. Kisha nikamvisha kofia yake nikaishusha mpaka masikioni. Hakuna aliyeona. Kwenye video haionekani. Nimeitazama mara nyingi.

Na hata hilo, kukata, vinyozi hukata. Ningesema siku ileile wangeosha, wangepaka dawa, ningechekwa mpaka Pasaka, basi.

Jumatatu ile kilipotokea kigaga, Njeri alinitumia picha yake. Akaandika kwamba hakipendi, anampeleka kliniki. Nikampigia. Alikuwa ameshamvisha mtoto koti la theluji na kumfunga kwenye kiti chake cha gari; nilisikia mlio wa kile kifungo. Nikacheka. Nikamwambia Wazungu watakuona mshamba, mtu anapeleka kigaga hospitali. Nikamwambia mimi nafanya kazi za afya, naona ngozi kila siku, ya mtoto mchanga hubanduka yenyewe. Ngoja, nikasema. Nilisema hivyo kwa sababu nilijua daktari ataangalia mara moja tu na kuuliza, nani alishika wembe?

Kisha nikasikia kifungo kikifunguliwa.

Siku zote hizi, mbele ya mume wake, mbele ya mama mkwe, mbele ya madaktari, amesema alingoja. Hajasema hata mara moja ni nani aliyemwambia angoje. Ananikinga.

Nazima injini. Sufuria napanda nalo. Sijui nitaanzaje, najua tu sitaanza na mzaha, na sitavaa barakoa mpaka niwe nimemaliza kulisema, nikiwa mlangoni, anione uso. Nilimkata mwanao, Njeri, nikajua kabisa nimemkata, nikakuambia umvue koti.